Hitma ya Mtu Aliye Hai

Kambi ya daraja, Mto Njuga
Jumatatu, 14 Aprili 2025
Mwaka wa tatu tangu niondoke Wingwi

Mwanangu Yumna,

Assalamu alaikum. Nakusalimu wewe, namsalimu baba yako Seif ambaye ni kaka yangu, namsalimu mama yako, na yeyote aliyesimama nyuma yako unapoisoma barua hii, maana Wingwi hakuna anayesoma barua peke yake. Mimi ami yako ni mzima. Mgongo tu ndio hauitiki asubuhi nikiuamsha.

Kazi ni ile ile. Wenzangu wanajenga daraja, mimi niko upande wa makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayozikwa chini ya barabara ili maji ya mvua yapite. Tunapanga nondo ndani ya kalibu, tunamwaga zege, tunaligonga lishuke, kesho yake tunavua kalibu na kuanza tena. Hata usingizini nafyatua makalavati.

Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga simu. Simu yangu iliponyoka mfukoni ikaingia kwenye zege, na sasa imo ndani ya nguzo ya daraja. Ukiipiga, pengine daraja litaitika. Wenzangu wenye simu hupanda kilima kuutafuta mtandao, na mimi jioni miguu yangu haitaki kupanda hata kitanda. Barua nampa Hija, dereva wa lori la saruji, naye humkabidhi baharia wa boti ya Mkoani.

Sasa jambo lenyewe. Nimemwandikia mke wangu Bi Mwanapili barua mbili, hakujibu. Zilimfika, kwa sababu katika ile ya pili niliomba achari ya ndimu, na achari imekuja. Imekuja chupa nzima bila neno. Yumna, mwanamke anayempelekea mumewe achari bila neno anakusudia nini? Nenda kwake, ukae kama unayepita tu, umtazame. Nataka kujua kama bado mimi ni mume wake, au nimebaki mtu wa kupelekewa achari.

Ndiyo, nilisema nitarudi Idi iliyopita na sikurudi. Nina sababu, na sababu hiyo haiandikiki.

Usimwambie nimekutuma.

Ami yako,
Nassor Kombo


Wingwi
11 Mei 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na waalaikumu ssalam. Huku tuko salama. Mbuzi wa baba kazaa pacha. Njia yetu imechimbika kwa mvua, gari zinaishia chini ya mteremko na watu wanajitwika unga wao. Baba anasema ukimaliza daraja la wenzako uje na kwetu.

Nilikwenda kwa Bi Mwanapili, nikakaa kama ninayepita tu. Akaniuliza, "Ami yako kakutuma?" Nikasema la. Akasema, "Haya, kunywa chai."

Ni mzima, kanenepa kidogo. Anakusalimu. Kwa kweli hakusema anakusalimu. Nilimuuliza nikwambie nini nikiandika, akafikiri, akasema, "Mwambie mihogo imekubali."

Mimi namalizia chuo pale Wete, na kazi yangu ya mwisho ni programu ya kompyuta ya kugawa nyama ya Idi ya Mfunguo Tatu. Unajua ugomvi wake. Mwaka jana nyumba ya watu wawili ilipata paja, nyumba ya watu tisa ikapata utumbo. Shehe Rajab, mkuu wa kamati ya msikiti, amekubali tujaribu.

Nikueleze kwa kazi yako. Kwanza naandika kalibu, naiita Kaya. Kalibu yenyewe si nyumba ya mtu yeyote. Inasema tu kila kaya iwe na nini: jina la anayejibu, idadi ya watu, jina la mume na hali yake. Ndani ya kalibu iko amri ya kuumba. Nikiiita, kompyuta inatenga nafasi, inajaza kila kitu mahali pake, kisha inanikabidhi kaya moja kamili. Nikiiita tena inaniumbia nyingine, yenye mambo yake, isiyogusana na ya kwanza. Sharti ni kwamba kaya isizaliwe nusu. Ikizaliwa na pengo, amri ya kugawa nyama itajikwaa pale pale na Idi nzima itasimama. Kwa hiyo pale ambapo mtu hakunipa jibu, amri inajaza yenyewe jibu la kuanzia nililoliweka mimi.

Nimeshapita nyumba zote nikiuliza. Kwa Bi Mwanapili pia.

Mwanao,
Yumna


Kambini
2 Juni 2025

Mwanangu Yumna,

Nakuombea heri, wewe na pacha wa mbuzi. Huku mvua imekwisha na vumbi limeshika zamu.

Nimekuelewa, ila jambo moja limenikaa kooni. Umeandika kwamba unaumba. Mwanangu, kuumba kuna Mwenyewe. Wewe sema unafyatua, kama sisi, ulale salama.

Niliwasomea wenzangu barua yako wakati wa chakula. Walipenda. Hija aliuliza kaya ya kompyuta ina choo? Nikamwambia haijaulizwa. Lakini hayo majibu ya kuanzia yaangalie sana. Hapa kokoto zikipungua nyapara hutwambia tutie chochote kilicho karibu, kalibu isilale wazi. Liko kalavati moja lina ndara ya mguu wa kushoto ndani yake, na gari zitapita juu yake mpaka Kiyama bila kujua.

Hilo la mihogo nimelizingatia siku nzima. Nyapara, ambaye ana wake wawili, anasema ni dalili njema, mwanamke anakuonyesha kwamba shamba lipo na yeye yupo. Hija anasema mwanamke akianza kusifu mihogo ujue ameacha kungoja wali. Wewe ulimwona uso. Uso ulisema nini?

Nitarudi mambo yakikaa sawa. Mwambie hivyo. Au usimwambie.

Ami Nassor


Wingwi
22 Juni 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Keti kwanza. Kama umesimama karibu na mashine, jitenge nayo.

Siku ya Idi baada ya sala Shehe Rajab alishika kipaza sauti, akasoma mafungu kama programu ilivyoyapanga. Kwetu wajane hutangulia na huongezwa. Akasoma Bi fulani, Bi fulani, kisha akasoma: "Bi Mwanapili Hamad, mjane wa marehemu Nassor Kombo."

Msikiti ukaitikia, wote kwa pamoja: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Ami, angesema mtu, wangemuuliza nani kakwambia. Kwa kuwa imesema kompyuta, waliuliza tu: "Lini?"

Nilimkimbilia Shehe Rajab nikamwambia ni kosa. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, programu hii imegawa nyama bila ugomvi, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Ikose kwa Nassor peke yake?" Baba akasimama akasema kaka yake yu hai, kaandika barua. Wakamuuliza ya mwezi gani. Akasema Aprili. Wakampa pole.

Kesho yake asubuhi shangazi yako Bi Ummkulthum alifika kutoka Shumba na gari lililojaa jamaa, gunia la mchele na juzuu za Qurani. Bi Mwanapili aliwapokea mlangoni, akasema, "Mie sina habari ya kifo." Bi Ummkulthum akamkumbatia. "Maskini, moyo wake umekataa!" Akalia mpaka akashikwa. Bi Mwanapili akaona watu wametoka mbali na mchele umeshaoshwa, akasema kusoma Qurani hakujamdhuru mtu, awe hai au maiti. Ikasomwa hitma yako. Mzee Othman, yule mfiwa wa mke anayekaa jirani na msikiti, alisimama akasema ulikuwa mkarimu na hujawahi kupaza sauti. Watu wengi walilia pale.

Barua yako ya tarehe 2 ilifika siku tatu baada ya hitma. Nikaipeleka mbio kwa kamati. Shehe Rajab akasema imeandikwa kabla ya Idi, na kuhusu mwandiko, yeye ndiye aliyekusomesha chuo cha Qurani: "Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na mbaya wote unafanana." Wanataka watu wawili wanaojulikana hapa waliokuona hivi karibuni, au picha ya uso wako. Picha ni rahisi, Ami. Hija ana simu. Jipige, atakayecheka acheke, mambo yaishe.

Fanya haraka. Wanawake wanauliza kwa nini Bi Mwanapili hakai eda, na Mzee Othman anaihesabu kwa vidole. Anasema itakwisha katikati ya Oktoba. Tangu wiki iliyopita amekwishaleta mkungu wa ndizi.

Nisamehe,
Yumna


Kambini
13 Julai 2025

Yumna,

Mimi marehemu Nassor Kombo ndiye ninayekuandikia. Salamu ni zile zile, ila safari hii zinatoka kaburini.

Barua yako niliisoma juu ya rundo la mchanga na nikashindwa kushuka. Wenzangu walicheka mpaka nyapara akaja na kirungu chake, naye nikampa akasoma, naye akacheka. Tangu siku hiyo wananiita Marehemu. Asubuhi wakiita majina wananiita Marehemu, na mimi naitika, kwa sababu nisipoitika nakatwa siku.

Othman kasema mimi mkarimu! Nilipokuwa hai Othman alikuwa akivuka njia ili asinisalimie. Na huyo shangazi, miaka yote naishi hajawahi kuniletea kibaba cha mchele, nimekufa nimepata gunia. Pilau ilikuwaje? Niambie kweli.

Sasa nisikilize. Kama kalavati limetoka bovu sisi tunalivunja tunafyatua jingine. Nivunje unifyatue upya, na mahali pa hali uandike HAI kwa herufi kubwa.

Picha sitaki. Usiniulize kwa nini. Nimesema sitaki.

Hakuna haja ya picha wala ya mashahidi kutoka pembe za dunia. Shahidi yuko hapo hapo. Mwambie Bi Mwanapili aende kwa Shehe Rajab aseme neno moja, mume wangu yu hai. Mke akisema hivyo, ni nani wa kumbishia? Neno moja, Yumna. Na ndizi ampe ng'ombe.

Nassor, yu hai


Wingwi
17 Agosti 2025

Ami yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Karafuu za mwanzo zimeanza kuanikwa, jamvi la baba limejaa na pacha wa mbuzi wamepita juu yake. Pilau ilikuwa nzuri sana. Uliniambia niseme kweli.

Kalibu nimeitengeneza. Sasa mtu asiponipa jibu, amri inakataa kufyatua kaya, inasema rudi kaulize. Lakini ni kama kwenu. Ukinyoosha kalibu leo, makalavati yaliyokwisha kutoka jana hayanyooki. Kaya ya Bi Mwanapili ilishafyatuliwa. Kuivunja au kuibadilisha kunataka neno la siri, na neno la siri nilimkabidhi Shehe Rajab mwenyewe ili mtu asiingie kujiongezea nyama. Nilijiona nina akili.

Sasa nikwambie lilivyotokea, kwa sababu hukuniuliza na mimi niliogopa. Nilipokuwa napita nyumba kwa nyumba, wajane hawakutaka kulitamka neno. Nikiuliza mume ana hali gani, Bi Nahla aliinamisha uso akasema, "Pita mbele, mwanangu." Bi Mardhiya vile vile, na wote waliofuata. Nikaona haya kuwauliza mara ya pili. Basi nikaiwekea amri kwamba anayesema pita mbele, ijaze yenyewe "marehemu", asilazimike mtu kulisema. Niliona ni adabu.

Bi Mwanapili naye nilipomuuliza alisema, "Pita mbele."

Nimekwenda kumwomba aseme lile neno moja. Alikuwa anamenya mihogo.

"Neno gani?" akaniuliza.

"Kwamba Ami yu hai."

"Nimemwona wapi?"

"Si ulimpelekea achari, mama?"

"Achari nilimpa baharia. Kama kaila baharia nitajuaje?"

"Na barua zake je?"

"Barua zinasema 'nitarudi mambo yakikaa sawa'. Hilo hata maiti anaweza kuliandika." Akaweka kisu chini. "Sikiliza, mwanangu. Sauti yake sijaisikia tangu Ramadhani ya mwaka jana. Si hai wa kunisemesha, si maiti wa kunikalisha eda. Uliniuliza ana hali gani, nami sikuwa na jibu. Kalibu yako ina nafasi ya mtu wa namna hiyo?"

Ami, haina. Nikakichukua kisu nikamsaidia kumenya.

Ndizi anazipokea, Othman hampokei. Hukaa barazani na Othman hukaa ngazini, mlango wazi, na mimi au mama tukiwepo. Lakini juzi Othman alisema kitu kuhusu kuku wake na Bi Mwanapili alicheka. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Hija amemwambia baharia, na baharia katwambia, kwamba ofisini kwenu kuna simu na mhandisi hamkatazi mtu. Kwa nini hupigi? Kwa nini picha hutaki? Kama una mke huko, sema, tujue pa kulilia.

Mwanao,
Yumna


Kambini
18 Septemba 2025

Mwanangu Yumna,

Salamu za leo ni fupi kwa sababu maneno ni marefu.

Sina mke huku. Nani angenitaka? Sikia basi, na ukiisoma barua hii mfukuze kwanza aliyesimama nyuma yako.

Ramadhani ya mwaka jana ilipokwisha, kalibu ilichomoka kwenye mnyororo ikanipiga usoni. Meno yangu manne ya mbele yote yalikwenda. Midomo ilipona, meno hayakuota, mimi si pacha wa mbuzi. Tangu siku hiyo nikisema assalamu alaikum natoa filimbi. Siku ya kwanza niliyojaribu simu ya ofisini nilimpigia baba yako, akasema, "Wewe mzee, umekosea namba," akakata. Muulize kama hakumbuki. Sikupiga tena.

Utasema meno ni nini. Mwaka niliomposa Bi Mwanapili, mama yake alimwambia, "Huyu hana shamba wala nyumba." Yeye akajibu, "Lakini akicheka, mama!" Hayo nilikuwa nimeyasikia mwenyewe nyuma ya ua wa makuti, na nimeishi nayo miaka yote. Nikasema nitangoja niwekewe meno ya bandia ndipo nirudi. Mganga wa meno anakuja wilayani huku mara mbili tu kwa mwaka. Safari ya kwanza hakuja, ya pili alikuja bila vifaa, ya tatu mimi nilikuwa kazini. Idi zikapita.

Nilipofika pale uliposema alicheka, niliifunga barua nikarudi kwenye zege. Nilimwaga kutwa nzima. Jioni nikamwendea nyapara nikamwambia naomba ruhusa ya kwenda kwetu. Akaniuliza nani kafa. Nikamwambia mimi.

Wewe usijisumbue na neno la siri la Shehe Rajab. Umefanya adabu, na adabu haina kosa. Ila kalibu yako mpya usiifanye ikatae tu. Waachie nafasi wenye waume wasiojulikana wako wapi. Wapo wengi Wingwi, na si kila mume anapelekewa achari.

Mwambie Bi Mwanapili hivi, na umwambie kwa maneno yangu. Anayekuja si yule aliyeondoka na mdomo umejaa meno. Huyu ana pengo katikati, anaongea kwa upepo, mgongo umepinda upande. Akiniona asione kamati imemletea mtu mwingine. Akipenda anitazame kwanza kwa mbali, kisha aende kwa Shehe Rajab aseme neno analoliona ni la kweli. Akisema pita mbele nikiwa nimesimama hapo, nitapita. Lakini nitakuwa nimesimama hapo.

Naondoka hapa Jumatatu tarehe 6 Oktoba kwa lori la Hija. Inshallah Ijumaa tarehe 10, kabla ya adhana ya adhuhuri, nitakuwa Wingwi, na gari likiishia chini ya mteremko nitapanda kwa miguu. Kama Othman atakuwa amekaa ngazini kwetu, msimfukuze. Nitakaa ngazi ya chini yake, nimsalimie kwa filimbi yangu, na tutaona nani ataaga kwanza.

Ami yako,
Nassor Kombo